Turudishieni Ukumbi

Ndugu yangu unayekesha kila mwanzo wa Aprili, kikombe cha chai ya rangi mkononi, televisheni umeipunguza sauti usije ukawaamsha watoto, nina swali moja kwako. Huo mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani unaoutazama saa kumi alfajiri unachezewa wapi?

Sikuulizi mji. Mji unaujua. Nakuuliza jengo.

Hujawahi kujiuliza, najua. Umeyaona majukwaa yanayopanda mpaka yanapotelea gizani, umemsikia mtangazaji akitamba kwamba leo wameingia watu elfu sabini na ushei, ukatikisa kichwa ukasema, "Wenzetu wameendelea." Kisha ukarudi kwenye chai yako. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mwenye gunia unampigia makofi.

Lile jengo si la mpira wa kikapu. Limejengwa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, unaotaka uwanja wa mita 110 kwa karibu 49. Sakafu ya mpira wa kikapu ni mita 28 na nusu kwa 15. Piga hesabu mwenyewe: ule mmoja unameza sakafu kumi na mbili na nafasi inabaki. Ndani ya shimo hilo ndimo wanamotupa mchezo wetu, kisha wanaita sherehe.

Mara ya mwisho Final Four ya wanaume, yaani nusu fainali na fainali, kuchezewa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu ilikuwa 1996, East Rutherford, New Jersey. Kentucky iliifunga Syracuse 76 kwa 67. Tangu 1997, kila mwaka, bila kuruka hata mmoja zaidi ya ule wa korona ambao mashindano yalifutwa, fainali imepelekwa kwenye viwanja vikubwa vilivyoezekwa, karibu vyote vya futiboli. Indianapolis. San Antonio. Atlanta. New Orleans. Houston. Minneapolis. Glendale. Arlington. Mashabiki wa rika la mwanangu hawajawahi kuiona fainali hiyo ikichezewa mahali pake. Wanadhani ndivyo ulivyo.

Sivyo ulivyo! Tukumbushane.

Mpira wa kikapu ulizaliwa ndani ya chumba. Desemba 1891, Springfield, Massachusetts, baridi kali nje, vijana wa chuo cha YMCA wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Mwalimu wao, Mkanada James Naismith, akamwomba mtunza jengo amtafutie maboksi mawili. Hakuna maboksi; yapo makapu ya pichi. Naismith akayapigilia misumari kwenye ukingo wa roshani ya ndani, ambao ulikuwa kama futi 10 kutoka sakafuni. Ndiyo maana leo, Boston mpaka Bukoba, pete inafungwa futi 10, yaani mita 3.05. Kimo hicho hakikutoka kwa kamati wala kwa wataalamu. Kimetoka kwenye ukuta wa chumba.

Na ubao ulio nyuma ya pete, unajua uliwekwa kwa nini? Kwa sababu ya watazamaji. Walikuwa wakiegemea roshani hiyo, na mpira wa wapinzani ukikaribia kapu wanaunyooshea mkono na kuupiga. Ikabidi kiwekwe kizuizi. Hebu lifikirie hilo, ndugu yangu: kifaa kizima cha mchezo huu kipo kwa sababu mshabiki alikuwa karibu mno. Leo mshabiki huyohuyo anakwenda uwanjani na darubini.

Ukaribu si pambo la mchezo huu. Ukaribu ndio mchezo wenyewe. Unasikia viatu vikilia kwenye mbao. Unamsikia kocha akitukana chinichini. Unaona jasho, unaona macho ya kijana anayekwenda kupiga mtupo huru huku amebakisha sekunde mbili na chuo kizima mgongoni. Kuupeleka kwenye uwanja wa watu elfu sabini ni sawa na kumwimbisha mwimbaji wa taarabu kwenye uwanja wa ndege. Sauti utaipata kwa spika. Lakini utamtunza vipi?

Ugonjwa ulianzia Houston. Januari 20, 1968, Chuo Kikuu cha Houston kiliwakaribisha UCLA kwenye uwanja wa Astrodome. UCLA walikuwa wameshinda mechi 47 mfululizo. Walikuwa na Lew Alcindor, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Sakafu ikasafirishwa vipande vipande kutoka Los Angeles, ikaungwa katikati ya uwanja. Wakaingia watu 52,693. Elvin Hayes wa Houston akafunga pointi 39. Alcindor, jicho likiwa bado na jeraha, akaambulia 15. Houston wakashinda 71 kwa 69, na televisheni ikaupeleka mchezo kwenye nyumba za nchi nzima.

Ulikuwa usiku mkubwa, sikatai. Lakini kuna jambo ambalo wanaousimulia usiku huo hulipita kimyakimya. Mtazamaji wa karibu kabisa alikuwa makumi ya mita kutoka mstari wa pembeni. Kati yake na wachezaji palikuwa na uwanja mtupu. Waliolipa kiingilio waliona mbali. Waliobaki nyumbani ndio waliouona mchezo.

Na mnasahau kwamba timu hizo zilirudiana Machi mwaka uleule, nusu fainali, ndani ya ukumbi wa Los Angeles. UCLA 101, Houston 69. Ni kweli UCLA walikuwa kwao, na jicho la Alcindor lilikuwa limepona. Nasema tu.

Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakubwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, waliziona zile elfu hamsini wakalamba midomo. Mwaka 1971 wakaipeleka fainali Astrodome. Mwaka 1982 wakaipeleka Superdome ya New Orleans, watu zaidi ya 61,000, na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan akafunga kapu la ushindi wa North Carolina dhidi ya Georgetown, 63 kwa 62. Basi, ndiyo hoja yao mpaka leo: "Si unaona? Jordan!" Kana kwamba mtupo ule uliingia kwa hisani ya paa.

Hata hivyo, kwa miaka mingi walibaki na haya kidogo. Sakafu iliwekwa upande mmoja wa uwanja, pazia likateremshwa kuficha nusu nyingine, pakafanana fanana na ukumbi. Halafu Desemba 13, 2003, pale Ford Field, Detroit, wakajaribu tena kuiweka katikati kabisa. Mechi ya kawaida ya msimu, Kentucky na Michigan State. Wakaingia watu 78,129. Ndipo haya ilipokwisha. Kuanzia 2009 Final Four yenyewe ikawekwa katikati, sakafu ikainuliwa kimo cha meza, wakauza pande zote nne mpaka juu kwenye paa.

Na unajua nani alikuwepo siku ile ya kwanza? Mtoto wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, nguzo ya Connecticut. Aprili 4, 2009, Ford Field hiyohiyo, nusu fainali, Michigan State 82, Connecticut 73, mbele ya watu zaidi ya 72,000. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi mzima wa NBA. Huku kwetu tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Sasa mfikirie Mtanzania wa Michigan au Ohio aliyejinyima akanunua tiketi ya ghorofa ya juu kwenda kumwona kijana wao. Alimwona wapi? Kwenye skrini kubwa. Mimi pia nilimwona kwenye skrini, sebuleni kwangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikulipia maegesho.

Msidhani natia chumvi. Nina binamu huko Marekani, mtu wa kazi ya usiku, aliyeweka akiba mwaka mzima ili awapeleke wanawe wawili kwenye nusu fainali. Jina la uwanja nalihifadhi. Alinitumia video kwa WhatsApp, fahari imejaa sauti: "Tazama kaka, tupo ndani!" Nikaitazama. Kisha nikaitazama tena. Hakuwa amerekodi mchezo. Alikuwa amerekodi skrini inayoning'inia katikati ya uwanja. Ukiangalia chini kabisa ya picha unaona kijistatili cha njano chenye vidoa vinavyosogea, na hicho ndicho alichokilipia. Wanawe wameinua shingo juu, wanatazama televisheni. Amesafiri, amelipa hoteli, amelipa soda kwa bei ya chakula cha jioni, akaenda kutazama televisheni pamoja na watu elfu sabini.

Nilimwambia hongera. Ningesema nini?

Na wale wa chini, wenye tiketi za bei ya kutisha, usiwahusudu sana. Sakafu imeinuliwa, majukwaa ya muda yamewekwa kwenye uwanja kuizunguka, na mwinuko wake ni mdogo. Aliyeketi safu za mbele anatazama vifundo vya miguu. Wachezaji wa akiba nao wamekaa bondeni, chini ya usawa wa sakafu wanayosubiri kuingia. Kocha mkuu amewekewa kistuli juu ya mbao, na akitaka kusema na vijana wake anainama. Mchezaji akiufuata mpira unaotoka nje, mbele yake si kiti wala mtu wa kumpokea. Ni ukingo. Timu yenyewe imegawanywa ghorofa mbili, na bado tunaambiwa hiki ndicho kilele cha mchezo.

Kilele! Tuzungumzie kilele hicho basi.

Aprili 2011, Houston, fainali ya Connecticut na Butler. Butler walitupa mara 64, yakaingia makapu 12. Asilimia 18.8. Haijawahi kutokea timu kutupa vibaya hivyo kwenye fainali. Mitupo yao ya ndani ya mstari wa pointi tatu ilikuwa 31, iliingia 3. Tatu! Vijana waliokuwa wamefika fainali mbili mfululizo. Mchezo ukaisha 53 kwa 41, na walioukesha huku kwetu wanakumbuka ulivyokuwa: mpira unagonga chuma, mpira unagonga chuma, mpira unagonga chuma. Connecticut walitwaa kombe nao wakiwa hawajafikisha asilimia 35.

Muulize mtupaji yeyote. Jicho linapolenga pete linahitaji kitu nyuma yake: ukuta, umati, chochote kilicho karibu kinacholiambia pete iko wapi. Mwaka mzima kijana amecheza kwenye kumbi zenye kitu hicho. Unamfikisha mwisho wa msimu, mechi kubwa kuliko zote maishani mwake, unamweka kwenye sakafu ambayo nyuma ya ubao kuna utupu wa makumi ya mita, mwanga ni mwingine, hata hewa ni nyingine. Unampa siku mbili za kujizoeza. Kisha watu wanashangaa.

Najua mtakalonijibu. Villanova. Mwaka 2016, jengo lilelile la Houston, nusu fainali, Villanova walitupa 49 wakaingiza 35, zaidi ya asilimia 71, wakawafunga Oklahoma 95 kwa 51. Na siku mbili baadaye Kris Jenkins akaimaliza fainali kwa mtupo wa mwisho kabisa, 77 kwa 74 dhidi ya North Carolina. Ni kweli. Nami niliruka juu nikagonga meza. Wachezaji wakubwa hufanya makubwa popote utakapowaweka, hata ukiwaweka jangwani. Hiyo si sababu ya kuwapeleka jangwani. Na siku ileile ya 95 kwa 51, Buddy Hield wa Oklahoma, mmoja wa watupaji hatari kuliko wote nchini mwaka ule, alitoka na pointi 9. Jengo lilimfaa nani, likamwangusha nani? Bingwa hatafutwi kwa bahati nasibu ya mwanga.

Sasa tuje kwenye fedha, maana huko ndiko wote tunakojua jambo hili linakoelekea, sivyo?

Utaambiwa: "Kaka, biashara." Viti elfu sabini vinaingiza zaidi ya viti elfu ishirini. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Ila chama hiki si muuza njugu anayehangaikia ada. Mwaka 2016 kilisaini na CBS na Turner nyongeza ya mkataba wa televisheni wa dola bilioni 8.8 kwa miaka 8, hadi 2032. Bilioni, ndugu yangu, si milioni. Riziki yake inatoka kwenye televisheni, si mlangoni. Wangeirudisha fainali ukumbini kesho na wasingelala njaa.

Kulala njaa walilala wengine. Mwaka 2014, kule Arlington, Texas, kwenye uwanja wa Dallas Cowboys, iliwekwa rekodi ya Final Four: watu 79,444 siku ya nusu fainali. Connecticut walichukua ubingwa, na mchezaji bora alikuwa Shabazz Napier. Katika siku hizohizo za mashindano Napier aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku alikuwa akilala na njaa kwa kukosa pesa ya chakula. Nahodha wa mabingwa! Kanuni za NCAA za wakati ule zilikuwa zikimbana mchezaji hata kwenye sahani. Haukupita muda, NCAA ikalegeza kanuni za chakula, maana aibu ilikuwa imeshafika kwenye kila runinga. Ungedhani watu 79,444 wangetosha kumnunulia kijana mmoja sahani ya wali.

Ndiyo maana nasema tamaa hii haina uhusiano na haja. Siku hizi sharti lao ni uwanja wenye viti visivyopungua elfu sitini. Sharti! Maana yake New York, yenye Madison Square Garden, haina nafasi. Philadelphia, mji unaoupumua mchezo huu, hauna nafasi. Chicago haina nafasi. Si kwa sababu hawaupendi mpira wa kikapu. Hawana paa kubwa la futiboli. Fikiria mashindano ya mashua ambayo Lamu haialikwi kwa sababu haina maegesho ya mabasi.

Na Philadelphia ina nini? Ina Palestra, ukumbi wa 1927, viti visivyofika elfu tisa. Duke wana Cameron, wa 1940, viti elfu tisa na kidogo, wanafunzi wamesimama ukingoni kabisa mwa mstari, na kabla ya mechi kubwa hulala kwenye mahema nje kwa wiki kadhaa ili wapate nafasi. Kansas, alikofundisha Naismith mwenyewe, wana Allen Fieldhouse, ya 1955. Februari 2017, ilipokuwa na viti 16,300, kelele za humo zilipimwa desibeli 130.4, rekodi ya dunia kwa ukumbi wa ndani. Watu elfu kumi na sita! Chini ya paa la elfu sabini sauti inapanda juu na kufia huko.

Wanafunzi hao wa mahema, kwenye Final Four wamewekwa wapi? Nyuma ya vikapu, kwenye majukwaa ya muda, mamia kadhaa kwa kila chuo, wametupwa katikati ya maelfu ya wageni wa makampuni wanaouliza rangi ya jezi ni ipi. Chuo ni chao. Wachezaji ni wanadarasa wenzao. Wenye nyumba wamelazwa barazani, wageni wako kitandani.

Tamaa ikikolea haijui mpaka. Novemba 2011 waandaaji wa mechi za vyuo waliupeleka mpira wa kikapu juu ya manowari, USS Carl Vinson, Rais Obama akiwa jukwaani. Ikapendeza kwenye picha, basi mwaka uliofuata wakajaza manowari nyingine. Unyevu wa bahari ukatanda kwenye mbao. Mechi ya Florida na Georgetown juu ya USS Bataan ikasimamishwa mapumziko kwa kuwa sakafu imelowa. Ohio State na Marquette juu ya USS Yorktown hawakucheza kabisa. Watu wazima, wenye digrii, walikuwa chini wanapiga deki kwa taulo mbele ya kamera. Mtoto yeyote wa Kilwa angewaambia bure kwamba jioni baharini kuna umande.

Sipingi sherehe. Oktoba 2023 chuo cha Iowa kiliwachezesha wasichana wake kwenye uwanja wa wazi wa futiboli, Kinnick, wakaja watu 55,646, nyota wao Caitlin Clark akiwa uwanjani, upepo ukivuma, na fedha zikaenda kwenye hospitali ya watoto. Mechi ya kirafiki, siku moja, kwa heri. Hiyo ni sherehe. Kombe la nchi si sherehe.

Na hao wanawake ndio wanaonipa jibu la mwisho. Final Four yao kwa kawaida huchezwa kwenye kumbi za mpira wa kikapu. Aprili 2024 walikuwa Cleveland, ukumbi usiofika viti elfu ishirini. South Carolina waliwafunga Iowa 87 kwa 75, na fainali hiyo ikatazamwa na watu milioni 18.9 nchini Marekani. Siku iliyofuata wanaume wakacheza Glendale, kwenye jumba la futiboli, Connecticut dhidi ya Purdue. Walitazamwa na milioni 14.8. Haijawahi kutokea kabla ya hapo wanawake kuwazidi wanaume. Utasema ni Caitlin Clark. Sawa, ni Caitlin Clark. Lakini ukumbi mdogo ulimpunguzia nini? Kamera ilimwonyesha yeye na umati nyuma ya bega lake, nyuso zinasomeka, mikono iko kichwani. Hakuna jangwa la viti. Hakuna giza.

Hata jirani zetu wameliona hili. Rwanda walipotaka mpira wa kikapu wa kweli hawakutandika mbao kwenye majani ya uwanja wa Amahoro. Walijenga ukumbi wa watu elfu kumi hapohapo jirani, ukafunguliwa 2019, na 2021 Ligi ya Kikapu ya Afrika ikaanzia humo. Kigali wanajua. Wenye mchezo wamesahau.

Lakini sitawalaumu NCAA peke yao. Chui hula mbuzi aliyeachwa nje. Wewe uliyeko Houston, Dallas, Minneapolis au Columbus, nani anayekushikia mkono kununua tiketi ya safu ya mwisho? Unajua kabisa hutauona mchezo. Unataka picha ya kuweka kwenye hadhi ya WhatsApp. Unataka kusema ulikuwepo. Ulikuwepo wapi, ndugu yangu? Na wewe wa huku, unayesherehekea takwimu za mahudhurio kana kwamba na wewe umepata mgao, umelala. Unalala macho wazi mbele ya televisheni, na huo ndio usingizi mbaya kuliko wote. Kila mara unapotamka "elfu sabini" kwa sauti ya mshangao unawafanyia tangazo la bure.

Wameshapanga mbele. Mwaka 2027 fainali inarudi Ford Field, Detroit, palepale walipoufufua wazimu wa sakafu ya katikati. Mwaka 2028 ni Las Vegas, uwanja wa futiboli. Mwaka 2029 Indianapolis, 2030 Arlington. Hawakuuliza mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwarudishia tiketi.

Basi usinunue ya juu. Nenda Palestra jioni ya Januari, nenda kwenye kiukumbi cha chuo kilicho karibu nawe, keti mahali unapoweza kusikia mpira ukidunda, lipa hela hiyo kwa watu wanaokuonyesha mchezo. Wale wa Final Four waache na viti vyao. Siku kamera itakapopita juu ya ghorofa ya tatu ya Ford Field ikakuta elfu ishirini vitupu, watakumbuka wenyewe njia ya ukumbini.